Punda ametupa mimba: hadubini, kuotesha, kupima damu au PCR?

Punda jike hubeba mimba takriban miezi 12, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Akitupa mimba mwezi wa 10, mwenye mkokoteni wa maji kule Misungwi au Magu amepoteza karibu mwaka mzima wa kusubiri. Kama chanzo ni ugonjwa unaoambukiza, punda wengine wanaolala naye zizi moja nao wako hatarini. Hapo ndipo swali la "ni bakteria gani?" linapopata uzito. Wapo wanaolijibu kwa sindano ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), kisha baada ya siku tatu mnyama anarudishwa kwenye mkokoteni. Wapo wanaopeleka damu maabara, wakaletewa karatasi yenye neno "hasi", wakaamini kuwa bakteria hawahusiki kabisa. Pande zote mbili zimechagua kipimo, au kutopima, bila kujua kipimo hicho kinajibu swali gani.

Ulinganisho huu ni wa mfugaji, afisa mifugo wa kata na daktari wa mifugo wa Mwanza na mwambao wa ziwa, anayetaka kujua pesa na muda wake aviweke wapi. Njia ni nne: hadubini, kuotesha bakteria, kupima damu ya mama, na PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba). Sehemu kubwa ya ujuzi tunaoutumia imetoka kwa farasi, maana ndio waliochunguzwa zaidi. Punda ni ndugu yao wa karibu, na bakteria wengi wanaowasumbua ni wale wale. Pale punda anapotofautiana tutasema.

Vigezo

Njia zote tunazipima kwa mizani moja. Kwanza, inajibu swali gani hasa? Pili, inataka sampuli gani, na sampuli hiyo itafika maabara ikiwa salama? Tatu, jibu linakuja baada ya muda gani, na kwa gharama ipi? Nne, inaharibikia wapi? Tano, inamfaa nani?

Kigezo cha kwanza ndicho kinachosahaulika. Hadubini inaonyesha umbo la kilichopo sasa hivi. Kuotesha kunasema nani yuko hai, na dawa gani inamuua. Damu inasema mama aliwahi kukutana na nani. PCR inasema vinasaba vya nani vimo kwenye sampuli, awe hai au amekufa. Haya ni majibu manne tofauti, na hakuna moja linaloweza kukaa badala ya jingine.

Sampuli kwanza

Hakuna kipimo kinachookoa sampuli mbovu. Kijusi kilichotupwa usiku na kukutwa saa nne asubuhi kimeshapigwa jua na kuguswa na mbwa, na bakteria wa udongo na samadi wameshaingia. Ukikipeleka hivyo hivyo kuoteshwa, utaletewa orodha ya bakteria wa zizini.

Vaa glavu ndefu, gamubuti, barakoa na miwani. Mwanamke mjamzito asisogee kabisa. Leptospira wanaoleta homa ya mgunda, Brucella, na Coxiella wa homa ya Q huwapata binadamu kupitia majimaji haya haya. Mwaka 2014 huko New South Wales, Australia, watu waliugua baada ya kushika zalio la farasi lililokuwa na Chlamydia psittaci, bakteria aliyezoeleka kwa kasuku. Zalio ni sampuli yenye faida kuliko zote na ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Litandaze kwenye turubai safi mfano wa herufi F. Mikono miwili ya F ni pembe za kizazi, mguu wake ni mwili wa kizazi. Mara nyingi zalio hutoka limegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka, upande laini wenye mishipa ukiwa juu. Ligeuze mpaka uone upande mwekundu unaofanana na mahameli, kisha angalia ncha ya mguu wa F, mahali lilipopasukia. Hapo ndipo palipokaa kwenye mlango wa kizazi. Pakiwa pamenenepa, pamekuwa rangi ya kahawia na pana usaha, maambukizi yamepanda kutoka ukeni. Wanaoshukiwa kwanza ni Streptococcus zooepidemicus, Escherichia coli, Klebsiella pneumoniae na Pseudomonas aeruginosa. Mlango ukiwa safi lakini sehemu pembe zinapoungana na mwili imefunikwa na ute mzito wa kahawia, fikiria kundi la bakteria wanaofanana na nokadia, kama Crossiella equi na Amycolatopsis, ambao madaktari wa Kentucky, Marekani, wamekuwa wakiwaona tangu miaka ya 1980. Zalio likiwa limevimba lote pasipo sehemu moja iliyoharibika zaidi, bakteria huenda walipita kwenye damu: Leptospira, au Salmonella Abortusequi ambaye makazi yake ni farasi na punda.

Pima uzito pia. Kwa farasi, zalio huwa karibu asilimia 11 ya uzito wa mtoto, na likizidi sana limevimba. Piga picha kwa simu ukiweka rula pembeni. Picha hiyo imesaidia madaktari wengi kuliko maelezo ya mdomo, kwa sababu zalio likishaoza halina la kusema.

Kwenye kijusi, majimaji ya tumboni ndiyo dhahabu. Kijusi humeza maji ya chupa ya uzazi, kwa hiyo aliyekuwa humo ndani utamkuta tumboni, na tumbo lenyewe linakuwa bado limefungwa. Fungua ukuta wa nje, pasha kisu moto, choma uso wa tumbo mpaka ukauke, kisha pitisha sindano mpya ya geji 18 mahali hapo hapo uvute mililita 3 hadi 5. Baada ya hapo kata mapafu, ini, figo na bandama, kila kipande na chombo chake. Zalio likae peke yake kila wakati, maana limegusa chini, na likichanganywa na mapafu linayachafua.

Gawa sampuli mafungu matatu. Fungu la kuotesha likae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, lisigande. Fungu la PCR liwekwe kwenye ubaridi huo huo kwa siku moja au mbili, na kama safari ni ndefu ligandishwe au lizamishwe kwenye ethanoli. Fungu la tatu ni vipande vyembamba visivyozidi sentimita 1, ndani ya formalini ya asilimia 10 iliyo mara kumi ya ujazo wa nyama, kwa ajili ya kuangalia tishu. Hilo la tatu watu wengi huliacha, nalo ndilo linalosema kama mahali bakteria alipokutwa kweli palikuwa pamevimba na kuumia, au bakteria alikuwa mpita njia. Formalini isikaribie mafungu mengine: bakteria atakufa na vinasaba vitavurugika.

Barafu Mwanza si tatizo, biashara ya samaki imeitandaza mpaka visiwani. Kosa ni kumwaga barafu juu ya sampuli kama unavyofungasha sangara. Kipande kinachogusa barafu huganda upande mmoja, na barafu ikiyeyuka maji huingia kwenye vyombo visivyobana. Weka barafu kwenye mfuko wake, sampuli kwenye mifuko miwili iliyofungwa, na gazeti nene katikati. Deli lililobeba kijusi lisirudi kamwe kwenye samaki wala kwenye chakula.

Kabla ya kuondoka Nansio au Sengerema, piga simu maabara. Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) ina kituo Mwanza, na Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA). Uliza kipimo unachotaka kinafanyika pale au kinatumwa mbele, wanataka chombo gani, na siku gani wanapokea. Sampuli inayofika Ijumaa jioni hulala mpaka Jumatatu.

Njia ya kwanza: hadubini

Jibu linalotoa. Umbo na rangi ya bakteria waliopo. Kwa rangi ya Gram utajua kama ni duara zilizoshikana mnyororo (streptokoka) au fimbo nyekundu (E. coli na wenzake). Kwa rangi ya Ziehl-Neelsen iliyopunguzwa makali, Brucella, Coxiella na Chlamydia huonekana wekundu juu ya mandhari ya buluu. Jina kamili hutalipata.

Sampuli. Gandamiza kipande cha zalio kilichokatwa upya kwenye slaidi, na slaidi nyingine uipake majimaji ya tumbo la kijusi. Acha zikauke, zipitishe juu ya moto mara tatu.

Muda na gharama. Nusu saa hadi saa moja, na ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote.

Inapoharibikia. Slaidi nene kama uji, na kuosha kwa spiriti kwa muda mrefu mno. Streptokoka aliyeoshwa kupita kiasi hugeuka mwekundu, na ukaanza kumtafuta mtu asiyekuwepo. Leptospira haonekani kwa Gram hata kidogo.

Inamfaa nani. Kituo chenye hadubini nzuri na mtu mwenye jicho, kinachotaka fununu leo hii wakati majibu mengine yanasubiriwa.

Njia ya pili: kuotesha bakteria

Jibu linalotoa. Jina la bakteria aliye hai, na orodha ya dawa zinazomuua. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa orodha hiyo kwa ukamilifu.

Sampuli. Majimaji ya tumbo, mapafu na ini ya kijusi, na kipande cha zalio kutoka mpakani, pale sehemu iliyoharibika inapokutana na nzima. Katikati ya usaha wa zamani mara nyingi bakteria wameshakufa. Kama ni swabu, itoke kwenye mrija wenye ute wa kusafirishia. Swabu kavu inayosafiri toka Ukerewe hufika na bakteria waliokauka.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Sampuli huchorwa kwenye sahani mbili, moja ya ageri (chakula kigumu cha kuoteshea) yenye damu na nyingine ya ageri ya MacConkey, zikakaa nyuzi 37 kwa saa 24 hadi 48. Ya damu hupenda hewa yenye kaboni dioksidi kidogo. Maabara isiyo na mtambo huweka sahani kwenye mtungi pamoja na mshumaa uliowashwa, ikafunga mpaka uzimike. Kesho yake unainua sahani ya damu kwenye mwanga. Pembeni ya vidoa vidogo vinavyong'aa kuna duara zilizo wazi kiasi kwamba unaona vidole vyako ng'ambo, maana bakteria ameyeyusha damu yote pale. MacConkey haina kitu. Huyo ni streptokoka, sasa umtafutie jina. Tone la haidrojeni peroksaidi lisipotoa povu, stafilokoka ametoka kwenye hesabu. Akichachusha sukari ya sobitoli na asichachushe trehalosi, umempata zooepidemicus. Akifanya kinyume, ni streptokoka mwingine wa farasi, equisimilis.

Wengine wana alama zao. E. coli huacha vidoa vya waridi kwenye MacConkey. Klebsiella ni waridi pia lakini wa utelezi, ukigusa na waya unavuta uzi. Pseudomonas hutia sahani kijani. Actinobacillus equuli, anayeua watoto siku za kwanza na kuacha majipu madogo madogo kwenye figo, hung'ang'ania ageri mpaka waya unamburuta.

Muda na gharama. Siku 2 hadi 4 kwa wa kawaida, pamoja na siku ya kupima dawa. Kundi la nokadia huota polepole, hivyo sahani zisitupwe kabla ya wiki mbili. Leptospira anataka chakula chake maalumu, nyuzi 28 hadi 30, na subira ya miezi. Gharama ni ya kati.

Inapoharibikia. Antibiotiki iliyochomwa kabla ya sampuli ndiyo adui wa kwanza: mama aliyepata OTC juzi anaweza kutoa sahani tupu, na tupu hiyo haina maana kwamba hakukuwa na kitu. Umeme ukikatika, joto la inkubeta hushuka na siku zinaongezeka. La tatu ni sahani yenye bakteria wa kila aina. Jibu lenye nguvu ni bakteria mmoja, mwingi, aliyetoka kwenye tumbo la kijusi, mapafu na zalio kwa pamoja. Vidoa vitatu vya E. coli kutoka kwenye zalio lililolala kwenye samadi ni habari za samadi. Pia wapo wasioota kwenye sahani za kawaida. Coxiella na Chlamydia wanahitaji chembe hai. Taylorella equigenitalis, aliyegunduliwa Newmarket, Uingereza, mwaka 1977, anataka swabu yenye mkaa ifike ndani ya saa 48. Punda ana Taylorella wake, asinigenitalis, na wote wawili ni wa kuogopwa zaidi kwenye kushika mimba kuliko kwenye kuitupa. Brucella anaota, lakini ni hatari kwa maabara yenyewe, hivyo ukimshuku andika kwenye fomu kwa herufi kubwa.

Inamfaa nani. Anayetaka kujua atibu na nini, hasa kama kuna punda wengine wenye mimba au mtoto mgonjwa. Na awe na uwezo wa kufikisha sampuli baridi ndani ya saa 24.

Njia ya tatu: damu ya mama

Jibu linalotoa. Kingamwili, yaani alama kwamba mwili wa mama ulikutana na bakteria fulani, mwezi huu au mwaka juzi.

Sampuli. Mililita 5 hadi 10 kwenye mrija wa kifuniko chekundu. Iache igande kivulini, tenga majimaji ya damu, ndipo uweke baridi. Ukigandisha damu nzima, chembe hupasuka na majimaji yanakuwa mekundu, hayafai. Chukua mara mbili: siku ya kutupa mimba, na wiki 2 hadi 4 baadaye. Kingamwili zikipanda mara nne au zaidi, maambukizi ni ya sasa.

Muda na gharama. Rose Bengal ya Brucella ni dakika chache na bei yake ni ndogo. Tone la mikrolita 30 la majimaji ya damu na tone sawa la kimiminika cha waridi huchanganywa kwenye kigae cheupe na kutikiswa dakika 4 kamili. Yakibaki laini kama juisi ni hasi, yakishikana chembe chembe kama maziwa yanayoganda ni chanya. Kimiminika kikitoka friji moja kwa moja hudanganya, lazima kwanza kipate joto la chumba. Kipimo cha Leptospira, MAT, kinahitaji maabara inayofuga Leptospira hai wa aina mbalimbali, kwa hiyo si cha kila kituo.

Inapoharibikia. ELISA (kipimo kingine cha kingamwili) ya ng'ombe isitumike kwa punda bila kuuliza. Nyingi zina kiungo kinachotambua kingamwili za ng'ombe pekee, na kwa punda zitasema hasi siku zote, hata kama mnyama anaugua. Rose Bengal na MAT hazibagui mnyama. Halafu bakteria wanaopanda kutoka ukeni, streptokoka na E. coli, hawatafutwi kwenye damu ya mama kabisa. Ile karatasi ya "hasi" tuliyoitaja mwanzoni ilikuwa hasi ya Brucella tu. Na chanya moja nayo ni nusu ya habari, kwa sababu Yersinia enterocolitica fulani anafanana na Brucella machoni pa Rose Bengal.

Kwa Leptospira hali ni tofauti kidogo: jike aliyetupa mimba kwa ugonjwa huu mara nyingi huwa tayari ana kingamwili nyingi sana siku hiyo hiyo, kwa sababu maambukizi yalianza wiki kadhaa nyuma. Usisubiri damu ya pili kabla ya kumtenga.

Inamfaa nani. Asiye na kijusi wala zalio kwa sababu fisi au mbwa wamemaliza kila kitu, anayeshuku Brucella au Leptospira, na anayetaka kujua hali ya zizi zima. Antibiotiki za juzi hazikiharibu kipimo hiki.

Njia ya nne: PCR

Jibu linalotoa. Kama vinasaba vya bakteria uliyemtaja vimo au havimo. Kwa Leptospira hutafutwa jeni la lipL32 lililo kwa wale wanaowaambukiza watu na wanyama, kwa Brucella kipande cha IS711.

Sampuli. Zalio, mapafu, figo na ini ya kijusi, ute wa ukeni, na mkojo wa mama kwa Leptospira, maana huendelea kumwaga bakteria kwenye mkojo kwa wiki kadhaa. Damu ikihitajika iwe kwenye mrija wa EDTA, kifuniko cha zambarau. Heparini ya kifuniko cha kijani huzuia mtambo kufanya kazi.

Muda na gharama. Mtambo unamaliza ndani ya saa chache. Kinachochelewesha ni safari na kusubiri sampuli zitoshe kuendeshwa pamoja, hivyo hesabu siku kadhaa hadi wiki. Ni ghali kuliko zilizotangulia.

Inapoharibikia. PCR hujibu ulichouliza tu. Ukiuliza Brucella, itakujibu Brucella hata kama kijusi kimejaa streptokoka. Kisu kimoja kilichokata vijusi viwili bila kusafishwa kinaweza kumpa wa pili ugonjwa wa wa kwanza, kwenye karatasi. Dawa ya kutibu haitakwambia.

Inamfaa nani. Mwenye sampuli iliyoanza kuharibika, mnyama aliyekwisha chomwa antibiotiki, au shuku ya bakteria wasioota kirahisi: Leptospira, Coxiella, Chlamydia, kundi la nokadia.

Kumpata bakteria si kupata chanzo

Mwaka 2001 Kentucky ilipoteza mimba za farasi kwa maelfu. Maabara zilipootesha vijusi, zilikuta sana streptokoka na Actinobacillus wa aina zinazoishi mdomoni mwa farasi mzima. Kwa karatasi tupu, jibu lilikuwa bakteria. Kumbe majike walikuwa wanakula viwavi wenye manyoya pamoja na majani, na inaaminika manyoya yale yaliyotoboa utumbo ndiyo yaliyowafungulia bakteria njia. Dawa isingetosha, ilibidi wanyama waondolewe kwenye viwavi.

Kumbuka pia kwamba si kila mimba inayotupwa ni ya bakteria. Virusi vya herpes ya farasi aina ya 1 vinaangusha mimba za miezi ya mwisho, na sahani za kuotesha zitakuwa safi kabisa. Mapafu na ini ya kijusi yatunzwe kwa ajili ya PCR ya virusi hivyo pia.

Chagua kwa hali yako

Kijusi na zalio ni vibichi, maabara iko ndani ya saa chache, hakuna dawa iliyotolewa. Anza na hadubini na kuotesha kwa pamoja. Tunza fungu la PCR na la formalini bila kulipia kwanza. Sahani zikitoka tupu baada ya siku tatu, fungu la PCR ndilo linalofuata.

Mnyama ameshachomwa antibiotiki, au kijusi kimelala juani. Usimwage pesa kwenye kuotesha. PCR ya tishu za ndani na damu mara mbili zitakuambia zaidi. Andika jina la dawa na tarehe kwenye fomu.

Hakuna kilichobaki isipokuwa mama. Damu leo, damu tena baada ya wiki 2 hadi 4, na mkojo au ute wa ukeni kwa PCR kama uwezo upo.

Punda wawili au watatu wametupa ndani ya mwezi mmoja, au ng'ombe na mbuzi wa boma hilo hilo nao wanatupa. Hili si la mfugaji peke yake, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Rose Bengal kwa wanyama wote ni mwanzo mzuri, lakini ukiwa na kijusi hata kimoja usiishie hapo: Salmonella Abortusequi na streptokoka hawatajitokeza kwenye kigae cheupe.

Kuna mtu ana homa nyumbani. Mtu aende hospitali kwanza na aseme wazi kwamba alishika kijusi au zalio. Kwa mnyama, harakisha PCR na vipimo vya damu vya Leptospira na Brucella.

Mtoto amezaliwa hai lakini amelegea, hanyonyi, kitovu kimevimba au kiungo kinajaa. Hapa saa ndizo zinazohesabiwa, na kuotesha damu yake ndiko kunakofaa. Nyoa shingo, safisha kwa klorheksidini kisha spiriti, vuta damu kwa sindano mpya kwa ujazo ulioandikwa kwenye chupa ya kuoteshea damu, badilisha sindano kabla ya kutoboa kizibo kilichopanguswa spiriti. Chupa hii isiwekwe barafuni, ikae joto la kawaida. Damu ikishatoka, daktari aanze dawa palepale bila kusubiri jibu, ataibadilisha dawa hiyo orodha ya maabara ikija. Jibu hasi halimwondoi mtoto kwenye hatari, maana damu chache tu haikamati bakteria kila mara.

Kwa mtoto huyo uliza pia kama alipata dang'a. Mwana wa punda, kama wa farasi, huzaliwa bila kingamwili za mama, na utumbo wake hufunga mlango wa kuzipokea ndani ya saa 24 hivi, sehemu kubwa ikipita katika saa 12 za kwanza. Kama hajanyonya kabisa, chukua damu yake kabla ya dang'a ya kwanza. Kingamwili zikikutwa hapo, ni zake mwenyewe, alizitengeneza akiwa tumboni, na bakteria alimkuta huko huko. Akifa, chukua damu ya moyo, ini, mapafu, figo, kiungo kilichovimba na kipande cha kitovu, kwa utaratibu ule ule wa kijusi.

Mabaki yote yazikwe shimo la kina cha mita 1.5 au zaidi, yamwagiwe chokaa, mbali na kisima na mbali na ufuo wa ziwa. Mama atengwe, na mkojo wake usitiririke kwenye birika la wengine, mpaka majibu yatoke.